Kabla ya Kupiga Windows: Jinsi ya Kuisoma Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha

Kompyuta ya mezani inayojizima na kujiwasha yenyewe kabla ya kufika kwenye skrini ya kazi huonekana tatizo dogo, lakini katika kata kama Vingunguti, jijini Dar es Salaam, ni tatizo linalogusa riziki. Huku, kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere na Bonde la Msimbazi, kompyuta ya mezani ni chombo cha kazi. Ipo kwenye steshenari ambako watu huchapisha barua, huomba ajira na kutoa nakala za vyeti. Ipo kwenye ofisi ya shule, kwenye duka la dawa na kwenye karakana inayotunza hesabu za wateja wake. Inapogoma, feni inazunguka, nembo ya mtengenezaji inatokea, skrini inakuwa nyeusi, kisha feni inaanza upya, na mzunguko huo unaweza kuendelea mpaka mtu achomoe waya. Tiba inayotajwa kwanza karibu kila mahali ni moja: kupiga Windows upya, yaani kufuta diski na kuipakia Windows tena. Hoja ya makala haya ni kwamba tiba hiyo imewekwa mwanzoni mwa foleni ilhali mahali pake ni mwishoni. Kompyuta inayojirudia hivyo inakatizwa na kitu, na mahali inapokatiziwa ndipo penye ushahidi mkubwa kuliko wote. Anayefuta diski kabla ya kuusoma ushahidi huo anafuta pia kazi za mwenye mashine, na mara nyingi chanzo chenyewe anakiacha kilipo.

Ili kuona kwa nini mahali pa kukatika pana maana kubwa, inafaa kufuata kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia. Kwanza pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani, ambao Tanzania ni volti 230, kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kanuni za ATX, ambazo Intel ilizitoa mwaka 1995 na ambazo ndizo msingi wa kompyuta nyingi za mezani hadi leo, haziruhusu viwango hivyo vipande au vishuke kwa zaidi ya asilimia 5; kwa hiyo ile volti 12 haitakiwi kushuka chini ya 11.4. Viwango vikitulia, pawa saplai hutuma ishara kwa mazabodi kuijulisha kwamba umeme uko sawa, na hapo ndipo prosesa huruhusiwa kuanza. Ishara hiyo ikipotea hata kwa kitambo kidogo, prosesa hurudishwa mwanzo. Baada ya hapo BIOS, au mrithi wake UEFI, hukagua RAM, kibodi na diski. Kisha kazi hukabidhiwa Windows, ambayo hupakia kiini chake, halafu draiva, halafu huduma nyingine, na mwisho ukurasa wa kuingilia. Katika safari hiyo wapo watatu wenye mamlaka ya kuikatiza: pawa saplai inayokata umeme inapozidiwa, prosesa inayojizima inapopata joto la hatari, na Windows yenyewe ambayo, tangu toleo la XP la mwaka 2001, imewekwa ijianzishe upya inapokutana na kosa kubwa, hata kama mtumiaji hajapata nafasi ya kusoma kilichoandikwa. Kujizima na kujiwasha ni njia ya mashine kujilinda. Kazi ya fundi ni kujua ni nani kati ya hao watatu aliyeikatiza, na kwa sababu gani.

Mpangilio huo wa hatua haubadiliki, na ndiyo maana wakati wa kukatika unaweza kutoa ushahidi. Mashine inayokata ndani ya sekunde chache za kwanza, hata nembo haijatokea, bado haijaifikia Windows. Haiwezekani Windows iwe na hatia. Hapo washukiwa ni pawa saplai, RAM isiyokaa vizuri, shoti mahali fulani, au hata kitufe cha mbele kilichonasa, kwa sababu kitufe cha kuwashia kikibaki kimebonyezwa kwa takriban sekunde 4 huzima kompyuta yoyote ya ATX. Mashine inayokata pale pale kila mara, kwa mfano vile viduara vya Windows vinapoanza kuzunguka, inaelekeza kidole kwenye diski, draiva, mpangilio wa BIOS au faili za Windows. Mashine inayokata leo hapa na kesho pale, bila utaratibu, inaelekeza kwenye umeme au RAM, kwa kuwa kosa lililoandikwa kwenye diski hurudi mahali pale pale, ilhali umeme hauna mahali maalumu pa kuyumbia. Kuna pia jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS, uiache mashine humo kwa nusu saa. Ikijizima na kujiwasha ikiwa humo, Windows imekwisha kutolewa kwenye kesi, kwa maana haijapakiwa kabisa. Ikivumilia, pawa saplai haijatakaswa moja kwa moja, kwa sababu mzigo wa BIOS ni mwepesi; hata hivyo uchunguzi umepiga hatua bila kugusa faili hata moja.

Kwa nini basi kuanza na umeme, na hasa katika eneo kama Vingunguti? Jibu la kwanza liko kwenye hesabu ya muda mfupi sana. Umeme wa Tanzania hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Kanuni za ATX hutaka pawa saplai nzima iweze kuendelea kutoa umeme kwa takriban milisekunde 16 au 17 baada ya ule wa ukutani kukatika, ikitumia akiba iliyomo kwenye kapasita zake. Hiyo ni pungufu ya mzunguko mmoja. Taa ikififia kidogo tu na jicho likapuuza, kompyuta yenye pawa saplai nzima huenda ikavuka. Yenye pawa saplai iliyochoka haivuki. Tazama sasa mazingira. Mota kubwa inayowashwa moja kwa moja kwenye laini huvuta, kwa kitambo cha mwanzo, mkondo unaofikia mara 5 hadi 8 ya ule inaoutumia ikishachanganya. Mashine za kusaga, mashine za kuchomelea vyuma, majokofu ya nyama na mota za karakana ni sehemu ya uchumi wa Vingunguti, kata inayojulikana nchi nzima kwa machinjio yake. Kila moja inapoanza, volti kwenye laini inayoshiriki na jirani zake hushuka kidogo. Ndani ya nyumba yenye wapangaji wengi na nyaya nyembamba, pasi au friji ya chumba cha pili hutoa athari hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Mwenye steshenari huona kompyuta imejizima bila sababu, kumbe sababu iko hatua chache kutoka mlangoni pake.

Atakayepinga anaweza kusema kwamba hayo ni malalamiko ya enzi ya mgao. Ni kweli kwamba mgao wa umeme uliowasumbua Watanzania mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji kuanza kuzalisha Februari 2024, na kwamba mitambo yake 9, kila mmoja wa megawati 235, inaliwezesha kufikia megawati 2,115. Lakini umeme mwingi kwenye gridi ni jambo moja, na umeme uliotulia kwenye soketi ya chumba cha biashara ni jambo jingine. Kushuka kwa volti kwa kitambo hutokana na urefu wa laini, ukubwa wa transfoma ya mtaa, unene wa nyaya na ubora wa viungo vya ndani ya nyumba, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika kwa sababu bwawa limejaa. Isitoshe, umeme unaporudi baada ya kukatika, majokofu na mota zote zilizoachwa zimewashwa huanza kwa pamoja, na huo ndio wakati volti inapoyumba zaidi. Kompyuta iliyowekwa kwenye BIOS ijiwashe yenyewe umeme unaporudi huianza safari yake katika dakika mbaya kuliko zote.

Jibu la pili liko ndani ya kasha lenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo na kusambaa mitaani ni zile zilizokwishatumika ofisini ng'ambo kwa miaka kadhaa, nyingi zikiwa za Dell OptiPlex au za HP. Ni mashine imara, na ununuzi wake ni wa busara kwa mwenye mtaji mdogo. Lakini zinakuja na umri wake, na kiungo kinachozeeka mapema ndani yake ni kapasita ya majimaji. Ulimwengu ulilipata somo hilo kwa gharama kubwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita zenye kasoro zilipovimba na kuvuja kwenye bodi za watengenezaji wengi. Dell peke yake, katika mwaka 2005, ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya mashine zilizoathirika, miongoni mwake zikiwa OptiPlex GX270 na GX280. Kapasita za leo ni bora zaidi, lakini hazijaepuka kanuni ya fizikia inayojulikana sana na mafundi wa elektroniki: kila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa karibu nusu. Mashine iliyosanifiwa kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ikihamishiwa kwenye chumba cha bati ambako mchana wa Dar es Salaam hupita nyuzi 30 na feni imezibwa na vumbi, huzeeka kwa kasi ambayo mtengenezaji hakuikusudia.

Dalili moja inaunga mkono maelezo hayo kuliko nyingine zote, na wateja wengi huitaja bila kujua uzito wake. Utasikia mashine ikielezwa kwamba asubuhi hujaribu mara tano au sita, ikikata na kuanza upya, kisha inakubali, na ikishakubali hufanya kazi mchana kutwa. Kapasita iliyochoka huwa na ukinzani mkubwa wa ndani ikiwa ya baridi, na ukinzani huo hupungua inapopata joto. Kila jaribio linaipasha moto kidogo, mpaka inamudu. Hakuna kosa la Windows linalotengemaa kwa kupashwa moto. Ongeza hapo kwamba wakati wa kuwaka ndio wakati wa mzigo mzito: diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye laini ya volti 12 inapoanza kuzunguka, kisha mahitaji yake hushuka sana. Feni huanza kwa kasi yote. Prosesa hukimbia kwa nguvu yake ya juu ikipakia kila kitu kwa pamoja. Ndiyo sababu pawa saplai dhaifu huanguka kwenye mlango huu, na mtu akadhani tatizo ni la kitu kinachopakiwa, kumbe ni la kinacholisha.

Kati ya umeme na Windows kuna kiungo kidogo kinachostahili kutazamwa kwa makini, nacho ni betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi. Betri hiyo hutunza saa na mipangilio ya BIOS kompyuta inapokuwa haina umeme kabisa. Kompyuta ikiachwa imechomekwa, hata ikiwa imezimwa, pawa saplai huendelea kuilisha saa hiyo na betri hupumzika. Kwa mwenye kulinda LUKU yake anayezima soketi ukutani kila jioni, au pale umeme unapokatika mara kwa mara, betri hubeba mzigo wote peke yake na huisha mapema. Ikiisha, mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Mmojawapo ni ule unaoamua namna BIOS inavyozungumza na diski: AHCI, IDE au RAID. Windows iliyowekwa chini ya mpangilio mmoja, ikiamshwa chini ya mwingine, mara nyingi hushindwa kuiona diski yake, hutoa kosa lenye namba 0x0000007B, kisha hujianzisha upya kabla namba haijasomeka. Mzunguko umeanza. Fundi akipiga Windows upya mashine itapona, kwa kuwa Windows mpya imewekwa chini ya mpangilio ulioko sasa. Lakini tiba ya kweli ilikuwa betri ya bei ndogo na kubadilisha neno moja kwenye BIOS. Hesabu za mwaka mzima za mwenye duka zimefutwa kwa ajili ya betri, na saa ya kompyuta itaendelea kurudi nyuma kila asubuhi, tovuti zikikataa kufunguka kwa sababu tarehe haipatani na vyeti vyake vya usalama.

RAM na joto vinahitaji maneno machache. RAM iliyolegea au yenye kutu kwenye meno yake huleta kukatika kusiko na utaratibu, na dawa ya kwanza ni kuitoa, kuyasafisha meno kwa kifutio laini, na kuirudisha mpaka ibane. Zikiwa mbili, mashine ijaribiwe na moja moja, katika kila nafasi. Kuhusu joto, tofauti moja inasaidia kuamua. Prosesa za kisasa zikipata joto hupunguza kasi kwanza, na zikizidiwa huzima. Kwa kawaida mashine iliyozimwa na joto hubaki imezimwa, na ikiwashwa mara moja hukata mapema zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa haijapoa. Inayojizima na kujiwasha yenyewe papo hapo, asubuhi ikiwa bado ya baridi, ina uwezekano mdogo wa kuwa mgonjwa wa joto. Hata hivyo vumbi litolewe, kwa sababu kama halikuleta tatizo la leo, linaandaa la kesho kwa kuzipika kapasita.

Sasa ni haki kusikiliza upande wa pili, maana Windows si mtakatifu. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani na kuzilazimisha kompyuta za Windows XP kujianzisha upya baada ya kuhesabu sekunde 60; mwaka uliofuata Sasser ikafanya jambo linalofanana. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilizitumbukiza kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, katika mzunguko huu huu: zinawaka, zinafika kwenye Windows, skrini ya bluu, zinaanza upya. Mashirika ya ndege yalisimamisha safari, hospitali ziliahirisha huduma. Je, hayo hayavunji hoja ya kuanza na umeme? Yanaithibitisha, yakitazamwa vizuri. Katika matukio yote hayo mahali pa kukatika palijulikana na hapakubadilika: Blaster ilisubiri mpaka Windows iwe imesimama, CrowdStrike ilikata kila mara draiva yake ilipopakiwa. Mashine zote zilikata mahali pamoja, kwa kosa moja lililoandikwa waziwazi, na ndiyo maana chanzo kilipatikana ndani ya saa chache. Tiba nayo haikuwa kufuta diski. Kompyuta zilizoangushwa na CrowdStrike ziliingizwa kwenye hali salama (Safe Mode), faili moja yenye kasoro ikafutwa, kazi ikaendelea. Kama wahandisi wa kampuni kubwa duniani walianza kwa kutafuta faili moja kati ya maelfu, mwenye steshenari wa Vingunguti anastahili uangalifu uo huo.

Vilevile umeme na Windows si washukiwa wasiojuana. Umeme unapokatika wakati diski inaandika, faili za mfumo zinaweza kuharibika. Mfumo wa NTFS hutunza kumbukumbu za muundo wake ili ujirekebishe, lakini hautoi ahadi kwa kila kilichokuwa kikiandikwa. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, Windows inaweza kubaki nusu ya zamani na nusu mpya. Katika hali hiyo kosa lililopo ni la Windows, ila mzazi wake ni umeme, na asiyemshughulikia mzazi atarudi kwa fundi na kosa jipya. Kuna pia mtego unaowapotosha wengi. Windows 10 na 11 huhesabu mara ambazo hazikufanikiwa kuwaka, na zikifuatana mara chache hutoa skrini ya kujirekebisha. Windows haijui ni nani aliyeikata; hata pawa saplai ikiwa ndiyo yenye kosa, skrini itasema inajaribu kurekebisha Windows, na anayeitazama ataamini kwamba Windows imekufa. Skrini hiyo itumike kwa faida yake nyingine. Humo ndani kuna chaguo la kuzuia kujianzisha upya kosa linapotokea, na chaguo la kuingia kwenye hali salama. Kwenye Windows 7 hayo hupatikana kwa kubonyeza F8 mapema. Kujianzisha upya kukizuiwa, namba ya kosa hubaki kwenye skrini, na simu ya mkononi inatosha kuipiga picha. Mashine ikiwaka vizuri kwenye hali salama na kukata kwenye hali ya kawaida, mshukiwa mkubwa ni draiva au programu inayojipakia yenyewe, na hiyo inaweza kuondolewa peke yake.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile la uzoefu: kupiga Windows mara nyingi kunaponya, na mafundi wanaoanza nako si wajinga. Ni kweli kunaponya, na sababu zinaeleweka. Wakati mwingine Windows ndiyo iliyokuwa na kosa. Wakati mwingine kasha lilifunguliwa, vumbi likapulizwa, RAM ikaguswa na kukaa sawa, na sifa ikapewa Windows mpya. Wakati mwingine mashine imehama: meza ya fundi iko kwenye laini nyingine, huenda nyuma ya UPS, mbali na mashine ya kuchomelea ya jirani yake mteja. Pale inawaka vizuri, inarudishwa nyumbani, na baada ya wiki mbili inaanza tena. Ushahidi wa kupona hauna nguvu kama haujulikani ni kipi kati ya vitu vinne vilivyobadilika ndicho kilicholeta nafuu. Ili kujua, kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja, na kibadilishwe kwanza kile ambacho kubadilishwa kwake hakuharibu chochote.

Lakini uchunguzi una gharama, atasema fundi, na mteja hulipia kazi anayoiona. Bei ya kupiga Windows inajulikana mtaa mzima. Bei ya kufikiri haijabandikwa ukutani popote. Hilo ni tatizo la kweli la biashara, wala si la kupuuzwa. Jibu lake ni kwamba mpangilio unaopendekezwa hapa hauhitaji siku nzima wala vyombo vya maabara. Kompyuta ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi nyingine, bila ekstensheni, ikiwezekana katika nyumba nyingine. Vichomolewe vyote visivyohitajika ili kuwaka, printa na flashi zikiwemo. Nyaya za vitufe vya mbele zitolewe na mashine iwashwe kwa kugusanisha pini mbili kwa bisibisi, ili kuondoa shaka ya kitufe kilichonasa. Iachwe kwenye BIOS, na tarehe itazamwe. RAM ijaribiwe moja moja. Ijaribiwe pawa saplai nyingine iliyo nzima, ambayo kila fundi anaweza kuwa nayo moja mezani kama chombo cha kazi; ile iliyoshukiwa isifunguliwe na asiye mjuzi, kwa kuwa kapasita zake zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Diski ihamishiwe kwenye kompyuta nyingine, au mashine iwashwe kwa Linux iliyo kwenye flashi, na faili za mteja zinakiliwe. Ikiwaka na kutulia kwa Linux hiyo, basi sasa kuna sababu ya kuigeukia Windows, na hata hapo kurekebisha kutangulie kufuta. Sehemu kubwa ya mlolongo huo humalizika kwa muda usiozidi ule wa kupakia Windows pamoja na draiva na programu zake zote.

Wapo watakaosema afadhali kuiacha kompyuta ya mezani na kununua ya kupakata, ambayo betri yake huifanya isijali umeme unaoyumba. Wana hoja: kwa kazi ya kuandika na kutuma, betri hiyo ni kinga bora kuliko nyingi. Lakini kompyuta ya mezani hutengenezeka kwa vipuri vinavyopatikana, hubadilishwa sehemu moja bila kutupa nyingine, na kwa bei ileile hutoa nguvu zaidi. Wapo pia watakaosema UPS inamaliza mjadala. Inasaidia sana, ila ina mipaka. UPS nyingi za bei ya kawaida huchukua milisekunde kadhaa kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda betri; pawa saplai nzima huvuka pengo hilo, iliyochoka huenda isivuke, na mteja akashangaa kompyuta inajizima huku UPS inalia. Betri ya UPS yenyewe kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na chumba cha joto huipunguzia umri. Stebilaiza nayo hufaa pale umeme unapokuwa mdogo kwa muda mrefu, lakini haina akiba ya kuziba pengo la papo hapo. Kwa hiyo kifaa cha kinga hakiondoi haja ya kujua kilichoanza kushindwa.

Kinachotakiwa kubadilika si elimu ya vitabuni peke yake, ingawa vyuo vya VETA, kikiwemo cha Chang'ombe kisicho mbali na Vingunguti, vina nafasi ya kufundisha utambuzi wa kosa kama ujuzi unaojitegemea. Kinachotakiwa kwanza ni mapatano mapya kati ya fundi na mteja. Mteja afike na maelezo: inakata wapi, inakata mahali pamoja au popote, asubuhi au mchana, ikiwa kwenye soketi ipi, na saa yake inaonyesha tarehe gani. Fundi naye aandike kwenye risiti alichokiona, alichokijaribu na namba ya kosa, na atoze kwa kazi hiyo bila aibu, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Na pande zote mbili zikubaliane kwamba diski haifutwi mpaka faili zimenakiliwa na sababu imetajwa. Kupiga Windows kutabaki kuwa tiba halali kwa ugonjwa wake, hasa sasa ambapo msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025 na mashine nyingi zitahitaji mfumo mwingine. Lakini iwe ni hitimisho la uchunguzi. Pawa saplai hununuliwa upya, betri hununuliwa upya, na Windows hupakiwa upya mara elfu. Orodha ya alama za wanafunzi na daftari la madeni la muuza dawa, vikifutwa bila nakala, hakuna duka la Kariakoo linaloviuza.